Emuleta ya simu: mahali pa kuilazimisha hitilafu ijirudie

Hitilafu inayomsumbua zaidi mtu anayeunda programu za simu mjini Lubumbashi ni ile inayomtokea mteja jioni, Katuba au Ruashi, mtandao unapoyumba, kisha asubuhi programu ileile ikifunguliwa mezani kwa aliyeiandika inafanya kazi vizuri kabisa. Mteja hakosei anapolalamika, na msanidi hasemi uongo anapojibu kwamba kwake haionekani, kwa kuwa wawili hao wanaitazama programu moja katika hali mbili tofauti. Kazi ya kutafuta hitilafu huanza pale hali ya mteja inapoweza kuundwa upya kwa makusudi, mara nyingi iwezekanavyo, bila kusubiri jioni na bila kusafiri kwenda Ruashi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya emuleta, na inasikitisha kuona vijana wengi wakiifungua ili kutazama tu kama rangi na vitufe vimekaa sawa, halafu wakaifunga.

Emuleta ni programu inayojenga ndani ya kompyuta simu nzima isiyoshikika: prosesa, kumbukumbu, skrini, betri, laini ya simu na vihisio, na juu ya vyote hivyo mfumo kamili wa Android, ambao haujui kwamba haumo ndani ya simu ya kweli. Emuleta ya Android imejengwa juu ya QEMU, programu ya kuiga kompyuta iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Zana za kwanza za kuundia programu za Android zilipotolewa Novemba 2007, emuleta ilikuwa tayari ndani yake, ilhali simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliuzwa Marekani Oktoba 2008. Kwa hiyo programu za mwanzo kabisa ziliandikwa na watu ambao hawakuwa na simu yoyote ya kuzijaribia. Upande wa Apple mambo ni tofauti: chombo kinachokuja na Xcode, programu ya Apple ya kuundia programu, hakiigi prosesa ya iPhone, bali huiendesha programu iliyotafsiriwa kwa ajili ya prosesa ya kompyuta yenyewe ya Mac. Katika makala haya nitabaki kwenye Android, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wateja wetu walio wengi.

Lalamiko la kwanza juu ya emuleta ni kwamba ni nzito. Uzito huo una sababu inayoeleweka. Simu nyingi zina prosesa za ukoo wa ARM, na kompyuta nyingi za mezani na za mkononi zina prosesa za Intel au AMD, ambazo zinafuata amri za lugha nyingine. Emuleta ikilazimika kufasiri kila amri ya ARM, inakuwa kama mkalimani kanisani anayesimama baada ya kila sentensi ya mhubiri, na ibada ya saa moja inachukua saa mbili na zaidi. Ndiyo maana zipo nakala za Android zilizoandaliwa mahususi kwa prosesa za Intel na AMD, ambazo hazihitaji kufasiriwa, mradi kompyuta iruhusu simu hiyo isiyoshikika kuitumia prosesa moja kwa moja. Ruhusa hiyo inaitwa VT-x kwenye Intel na AMD-V kwenye AMD. Linux huitumia kupitia KVM, na Windows kupitia Windows Hypervisor Platform. Mafunzo mengi ya zamani bado yanamwelekeza mtu aweke HAXM, programu ya Intel ya kuiharakisha emuleta, lakini uendelezaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, na hakuna sababu ya kuitafuta tena. Kabla ya kuilaumu kompyuta, andika amri `emulator -accel-check` na usome jibu lake. Mara nyingine shida yote ni kwamba uwezo huo umezimwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowashwa, na kuuwasha ni kazi ya dakika chache.

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inaweza kufanya kazi hii ikiangaliwa vizuri. Chagua nakala ya Android isiyo na Google Play ikiwa programu yako haihitaji huduma za Google, punguza ukubwa wa skrini ya simu unayoiunda, na pale unapojaribu bila kuandika, funga Android Studio, ile programu ya kuandikia msimbo, uiwashe emuleta peke yake kwa amri `emulator -avd` ikifuatwa na jina la simu uliyoiunda. Nakala moja ya mfumo inaweza kuzidi GB 1, na kwa anayenunua mega huo si mzigo mdogo. Hata hivyo folda ya `system-images` inaweza kunakiliwa kwa diski kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikawekwa mahali palepale ndani ya folda ya SDK (zana za kuundia programu za Android), na emuleta ikaitambua. Darasa zima linaweza kupakua mara moja na kugawana, na ningependa kila mwalimu wa informatika alifanye hilo kuwa jambo la siku ya kwanza.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue programu moja ndogo. Kina mama wauzaji wa soko wana likelemba: kila mmoja anatoa mchango wake kwa siku iliyopangwa, na mmoja wao anapokea chungu chote kwa zamu. Programu ya mwekahazina ina fomu ya kuandika jina, kiasi kwa faranga au kwa dola, na namba ya uthibitisho inayofika kwa SMS baada ya malipo kwa simu. Kisha kuna kitufe cha kutuma, na seva inayohifadhi kila mchango. Ni programu ya kawaida kabisa, na kila hitilafu nitakayoieleza inaweza kuishi ndani yake bila kuonekana kwa wiki nyingi.

Jambo la kwanza ni kuiunganisha simu ya ndani ya kompyuta na seva unayoiendesha kwenye kompyuta hiyohiyo, na hapa wanaoanza hukwama kwa saa nzima. Programu ikiambiwa ipige `localhost`, inajipigia yenyewe, kwa sababu kwa emuleta neno hilo linamaanisha simu, na jibu ni kwamba mlango umekataliwa. Kompyuta iliyoibeba emuleta inapatikana kwa anwani 10.0.2.2. Ukishaiweka anwani hiyo, unaweza kukutana na ukuta wa pili: tangu Android 9, programu haziruhusiwi kwa kawaida kutuma data kwa `http` tupu isiyofichwa, na logi, yaani orodha ya matukio ambayo simu hujiandikia, itasema kwamba mawasiliano ya wazi kwenda 10.0.2.2 hayaruhusiwi. Ruhusa hiyo inatolewa ndani ya faili ya usalama wa mtandao ya programu, na inapaswa kutolewa kwa anwani hiyo moja tu na kwa toleo la majaribio tu. Nimeona watu wakiifungua kwa anwani zote ili kazi iende, kisha ruhusa hiyo ikasafiri hadi kwenye toleo la wateja. Kwa programu inayobeba fedha za watu hilo ni jambo la kuogopa.

Mazungumzo kati ya kompyuta na simu hupitia chombo kinachoitwa adb, na kupitia hicho unasoma logi ya simu kwa amri `adb logcat`. Logi hiyo inatiririka haraka na inatisha, lakini inasomeka kwa utaratibu. Programu ikianguka, tafuta maneno `FATAL EXCEPTION`. Chini yake kuna mlolongo wa miito iliyokuwa ikiendelea, na ndani ya mlolongo huo mistari inayoanza na `Caused by`. Ule wa mwisho kati ya hiyo ndio chanzo cha ndani kabisa, na mstari wa kwanza chini yake wenye jina la programu yako ndio mahali pa kwenda kufungua msimbo. Anayesoma mstari wa juu peke yake anaishia kurekebisha matokeo, na chanzo kinabaki palepale. Pale logi isipotosha, unaweka kituo cha kusimamisha ndani ya msimbo, programu inasimama kwenye mstari huo, nawe unatazama kila kigezo kina thamani gani kwa wakati huo. Kituo kinaweza kuwekewa sharti, kwa mfano kisimamishe pale tu kiasi kinapokuwa sifuri, jambo linaloondoa adha ya kubofya kuendelea kwa kila mchango ulio sahihi.

Sasa twende kwenye hitilafu yenyewe. Mwekahazina anasema mchango wa mama mmoja umeandikwa mara mbili. Mezani haitokei kamwe. Tukifikiri kwa utulivu, njia inayoweza kuleta matokeo hayo ni hii: ombi limeondoka kwenye simu, limefika kwenye seva, seva imeandika mchango, lakini mtandao umekatika kabla jibu halijarudi. Simu haijui kama ombi lilifika. Inaonyesha kwamba imeshindikana, mwekahazina anabonyeza tena, na seva inaandika mchango wa pili kwa uaminifu uleule. Mwanya huo una upana wa sehemu ndogo ya sekunde, ndiyo maana mtu akibonyeza na kuzima data kwa mkono hawezi kuupata ila kwa bahati.

Ndani ya emuleta mwanya huo unaweza kutanuliwa. Kwenye seva, weka usubiri wa sekunde 20 baada ya kuandika kwenye hifadhidata na kabla ya kujibu. Bonyeza kitufe cha kutuma kwenye emuleta, hakikisha mstari umeandikwa kwenye hifadhidata, kisha ukate mtandao wa simu kwa `adb shell svc wifi disable` na `adb shell svc data disable`. Muunganisho wa adb haupiti kwenye mtandao huo, kwa hiyo logi inaendelea kusomeka hata simu ikiwa haina mtandao hata kidogo. Utaona programu ikitangaza kushindwa. Rudisha mtandao kwa amri zilezile ukibadilisha `disable` kuwa `enable`, bonyeza tena, na mistari miwili itakuwa mbele ya macho yako. Kwa kweli ikiwa programu inatumia OkHttp, maktaba ya kuzungumza na seva, hata kukata mtandao huenda kusihitajike, kwa sababu maktaba hiyo isipopangiwa vingine huacha kusubiri jibu baada ya sekunde 10. Hiyo nayo inafundisha kwamba seva iliyochelewa na mtandao uliokatika huonekana sawa kwa simu.

Hitilafu ikishajirudia, dawa yake inaweza kupimwa. Fomu inapofunguliwa, simu inatengeneza kitambulisho cha pekee na kukituma pamoja na mchango. Seva inakataa kuandika mstari wa pili wenye kitambulisho kilekile, na badala ya kurudisha kosa inarudisha jibu lilelile la kwanza, ili simu ipate uthibitisho iliyoukosa. Rudia hatua zote zilezile. Mstari ukibaki mmoja na mwekahazina akaona kwamba mchango umepokelewa, umerekebisha. Bila kuirudia kwanza hali ya awali, ungekuwa umeandika msimbo mpya na kutumaini tu.

Kurudia hatua hizo huchosha, hasa kama kufika kwenye fomu kunahitaji kuingia kwa neno la siri, kuchagua kikundi na kujaza majina. Emuleta inaweza kuhifadhi nakala ya hali yake yote, pamoja na programu zilizo wazi na maneno yaliyo kwenye fomu, kwa amri `adb emu avd snapshot save kabla_ya_kutuma`, na kuirudisha kwa `load` badala ya `save`. Simu ya kweli haiwezi kukufanyia hivyo. Angalizo moja tu: inayorudi nyuma ni simu, wakati seva na hifadhidata yake vinabaki vilipofika, kwa hiyo hifadhidata nayo irudishwe kwenye nakala yake ya awali, vinginevyo utakuwa unapima mchanganyiko wa jana na leo. Na katika mji ambako umeme hukatika bila taarifa, kompyuta ya mezani inayozimika ghafla inaweza kuiacha nakala hiyo ikiwa imeharibika. Emuleta ikiwaka vibaya baada ya giza, iwashe upya kabisa kwa `-no-snapshot-load` kabla ya kuanza kuitafuta hitilafu ambayo haimo kwenye msimbo wako.

Hitilafu ya pili inatokana na kitu ambacho wateja wetu hufanya kila siku: kutoka ndani ya programu kwenda kusoma SMS ya uthibitisho, kisha kurudi. Katika simu yenye RAM ya GB 2, Android inaweza kuiua programu iliyoachwa nyuma ili kupata nafasi, na mtu anaporudi mfumo unaifufua kutoka kwenye kile kidogo kilichohifadhiwa. Kama msanidi hakuhifadhi kitu, fomu inarudi tupu, na mwekahazina anaanza upya kuandika jina na kiasi. Kwenye emuleta iliyopewa kumbukumbu nyingi hali hiyo haitokei yenyewe, lakini unaweza kuiagiza. Jaza fomu, itumie simu SMS kwa `adb emu sms send` ikifuatwa na namba ya mtumaji na maneno ya ujumbe, bonyeza kitufe cha nyumbani, kisha uandike `adb shell am kill` pamoja na jina la kifurushi cha programu yako. Ifungue tena kutoka kwenye orodha ya programu za karibuni, uone kilichobaki.

Wengi hudhani wameshalipima hilo walipoigeuza simu upande. Kuigeuza simu huvunja skrini na kuijenga upya, lakini mchakato wa programu unabaki hai, na kilichowekwa ndani ya ViewModel, sehemu ya programu inayoshika data ya skrini, kinabaki nao. Programu inapouawa, ViewModel nayo inakwenda, na kinachosalia ni kile tu kilichowekwa kwenye SavedStateHandle, mfuko mdogo ambao mfumo huutunza, au kwenye hifadhi ya kudumu. Hapa hitilafu mbili zinakutana: kile kitambulisho cha pekee tulichokiweka kuzuia mchango wa pili, kama hakikuhifadhiwa pamoja na fomu, kitatengenezwa upya programu inapofufuka, na mama yuleyule ataandikwa mara mbili tena kwa njia ambayo tulidhani tumeshaifunga. Sijui njia nzuri zaidi ya kuligundua hilo kuliko kukata mtandao, kuua programu na kutuma tena, kwa mpangilio huo, ndani ya emuleta.

Kisha kuna mipangilio ya mahali. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko UTC+1, yaani saa moja mbele ya saa ya dunia, na Lubumbashi, sawa na Goma na Bukavu, iko UTC+2. Mchango uliotolewa Lubumbashi saa 00:30 ya tarehe 1 Juni, kwa Kinshasa umetolewa saa 23:30 ya tarehe 31 Mei, na kwa seva inayohesabu kwa UTC ni saa 22:30 ya tarehe hiyo ya Mei. Programu ikihesabu mwezi kwa tarehe ya seva, mtu aliyelipa Juni ataonekana ameongeza mchango wa Mei na kuukosa wa Juni, na katika likelemba ugomvi wa aina hiyo haumalizwi kwa maelezo ya kiufundi. Washa emuleta mbili, moja kwa `-timezone Africa/Lubumbashi` na nyingine kwa `-timezone Africa/Kinshasa`, andika michango karibu na usiku wa manane, na ulinganishe orodha zake.

Lugha ya simu nayo ina mitego. Emuleta mpya kwa kawaida huamka kwa Kiingereza cha Marekani, ambapo elfu kumi na tano huandikwa 15,000. Wateja wengi hapa wameweka simu zao kwa Kifaransa, na hapo matoleo ya karibuni ya Android huandika 15 000, ambapo kati ya 15 na 000 hakuna nafasi ya kawaida inayotoka kwenye kibodi bali alama nyembamba ya nafasi yenye namba U+202F. Msimbo unaoondoa nafasi ya kawaida ili kurudisha maandishi kuwa namba hauioni alama hiyo, na programu inaanguka kwa NumberFormatException, kosa la namba isiyosomeka. Kwa macho nafasi hizo mbili karibu hazitofautiani, ndiyo maana hitilafu hii humpotezea mtu mchana mzima. Dawa ni kukihifadhi kiasi kama namba tangu mwanzo hadi mwisho, na kukipamba kwa maandishi wakati wa kukionyesha tu. Vilevile laini ya simu ya emuleta hujitambulisha kama ya Marekani, kwa namba ya mtandao 310260, kwa hiyo programu inayochagua +243, namba ya nchi yetu, kwa kuuliza laini iko nchi gani itachagua nchi nyingine. Hilo ni onyo lenye manufaa, kwani mteja aliye mpakani Kasumbalesa mwenye laini ya Zambia ataiweka programu katika hali hiyohiyo.

Kuhusu mtandao wa polepole, emuleta inapokea amri kama `-netspeed edge` na `-netdelay edge`, na ucheleweshaji wa `edge` ni kati ya milisekunde 80 na 400. Zima Wi-Fi ya ndani ya simu hiyo kwanza, ili data ipite kwenye mtandao wa simu unaoigwa. Nazitumia amri hizi, lakini sizitegemei sana, kwa sababu mtandao wa kweli huja, hupotea, hurudi kwa nguvu na kupotea tena, na ucheleweshaji wa kudumu haufanani na hayo. Kukata na kurudisha mtandao katika nyakati ulizozichagua mwenyewe kunafichua zaidi.

Kuna maswali ambayo emuleta haifai kuulizwa kabisa, na la kwanza ni kasi. Prosesa ya kompyuta inasoma orodha ya michango kwa muda mfupi sana, ilhali simu ya bei ndogo inaweza kusitasita. Na Android, mguso wa mtumiaji usipojibiwa kwa sekunde 5, huonyesha kidirisha kinachosema programu haijibu. Muda uliopimwa kwenye emuleta hauna maana yoyote kwa simu hiyo. Kinachoweza kupatikana kwenye emuleta ni chanzo: StrictMode, mlinzi aliyemo ndani ya Android, ikiwashwa, inapiga kelele kila mara programu inaposoma diski au mtandao kwenye uzi mkuu, ule unaochora skrini na kupokea miguso, hata kama usomaji huo ulikwisha haraka. Hiyo inatosha kukuonyesha msimbo utakaoumiza simu dhaifu.

La pili ni maktaba zilizotafsiriwa kabisa kwa lugha ya prosesa fulani. Simu kadhaa za bei ndogo bado zinaendesha Android ya biti 32 ya ARM. Programu iliyobeba maktaba ya x86_64 (ya prosesa za Intel na AMD) na arm64 (ya ARM ya biti 64) peke yake itafanya kazi kwenye emuleta na kwenye simu mpya ya msanidi, kisha simu ya mama wa soko itakataa hata kuisakinisha, kwa kosa la INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS. Fungua kifurushi cha APK utazame ndani ya folda ya `lib`: kama hakuna `armeabi-v7a`, ambayo ni ya ARM ya biti 32, na unawahudumia watu wenye simu hizo, umeshaipata hitilafu kabla haijatokea.

La tatu ni tabia za watengenezaji. Tecno na Infinix huweka juu ya Android sura zao wenyewe, HiOS na XOS, na sura za namna hiyo zinaweza kuzizuia kazi za nyuma ili kuokoa betri kwa ukali ambao Android tupu ya emuleta haina. Kikumbusho cha siku ya mchango kinachofika kwa wakati kwenye emuleta kinaweza kisifike kabisa kwenye simu hizo. Malipo yenyewe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, pamoja na menyu zinazofunguliwa kwa kupiga nyota na namba, yanahitaji laini ya kweli na mtandao wa kweli. NFC, kamera halisi na joto la betri ni vya simu ya mkononi vilevile.

Hatua ulizozirudia kwa mkono na zikakupa matokeo, ziandike kama jaribio linalojiendesha kwa Espresso au UI Automator, ili hitilafu iliyozikwa isirudi baada ya mabadiliko ya mwezi ujao. Amri ya `monkey` nayo inasaidia kupata maanguko ya kushangaza, kwani inagusa skrini ovyoovyo mamia ya mara. Ipe mbegu, yaani namba ya kuanzia, kwa `-s`, kwa sababu mbegu ileile huleta miguso ileile, na iliyoiangusha programu ikaweza kurudiwa.

Kabla ya kumkabidhi mteja, jenga toleo la kutolewa, ambalo R8, zana ya kubana msimbo, imelipunguza na kubadilisha majina ya ndani, ulijaribu hilo kwenye simu zilezile watu wanazotumia. Toleo la majaribio lililozoeleka kwenye emuleta si kifurushi kilekile. Hapo mteja akileta lalamiko jipya, iombe simu yake kwa dakika chache, uwashe utatuzi kwa USB na uchukue ripoti kwa `adb bugreport`. Andika pia toleo la Android, ukubwa wa RAM, lugha, saa ya eneo, na alichokuwa akifanya mtandao ulipopotea. Unda kwenye kompyuta simu yenye mambo hayohayo, moja baada ya jingine, mpaka programu ianguke mbele yako. Ikikataa kuanguka hata baada ya kulinganisha yote, chanzo kitafutwe kwenye yale matatu ambayo emuleta haiyajui, na kazi iendelee kwenye simu yenyewe ikiwa imeunganishwa kwa waya.